Kidole Kimoja Juu ya Ubao

4 Februari 1989

Mdogo wangu Kijiti,

Nyumbani hatujambo, ukiondoa yale ya kila siku. Magoti ya Mama yanamsumbua mpaka saa nne asubuhi, halafu yanatulia, naye anasahau kuwa yalimsumbua na kwenda kubeba ndoo. Shemeji yako bado ni karani palepale, meza ileile, kiti kilekile nilichomtengenezea mwaka tuliooana. Mimi mzima.

Barua yako ya Novemba ilifika Januari. Shemeji alitusomea sebuleni kama kawaida, kwa sauti ya ofisini, na kama kawaida hakuacha kitu. Unajua anavyosoma: maneno matatu, "mkato," maneno matatu mengine, "nukta." Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mbona mtoto wake kila mara anakata. Shemeji akamjibu, "Si ndiyo kazi yake, mama?" Mama akaridhika kabisa.

Sasa sikia. Shule ya ufundi ya huku imefunga darasa la useremala. Walikuwa na msumeno wa mkanda umekaa chini ya turubai, na hakuna aliyejua wa kumpa. Nikawatengenezea madirisha yao yote yaliyooza, sitini na mawili, nao wakanipa mashine. Watu sita waliibeba. Sasa imesimama kwenye karakana ya Baba, pale pale ilipokuwa meza yake ya kazi. Ni ndefu kuliko shemeji yako. Alisimama kando yake ili tulinganishe, akasema imemzidi kwa kofia.

Nisingethubutu kuichukua kama si wewe. Mama ameshautangazia mtaa mzima kwamba huko uliko wewe ndiye fundi mkuu wa msumeno wa mkanda, mwaka wa sita huu. Watu waliponiuliza utaiweza wapi hii, nikawaambia mdogo wangu ataniandikia.

Nina kazi ya viti arobaini vya chumba cha kungojea cha zahanati, vyenye mgongo wa kupinda, na vinatakiwa mwisho wa Juni. Kwa msumeno wa mkono mgongo mmoja unanila siku nzima. Mwalimu aliyekuwa akiitumia mashine amehama, haijulikani kaenda wapi. Sijaiwasha. Nimeifunika shuka nakungoja wewe. Niandikie kila kitu, toka kuwasha mpaka kuzima. Vidole vyangu ni kumi na hakuna hata kimoja kisicho na kazi.

Na usiniandikie kwa mbwembwe. Nakujua. Baba alikutoa karakana kwa sababu ulikata upande mbaya wa mstari, halafu ukamwambia mstari ndio uliosogea.

Dada yako


12 Machi 1989

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja lakini imesomeka. Mwambie Mama asibebe ndoo. Najua hatasikia, lakini mwambie, ili iwe nimesema. Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini hata wenzangu migongo inawauma, kwa hiyo siuhesabu kama ugonjwa. Chumbani bado tuko wanne, vitanda viwili vya juu na chini. Mimi ni wa juu, nikikaa kichwa kinagusa dari, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimelala ubavu, karatasi iko juu ya kipande cha plaiwudi. Mwandiko ukipinda usishangae.

Hongera kwa mashine. Kwa kweli nilishtuka kidogo. Ningekuwa karibu ningekuja mwenyewe. Kwa kuwa siko karibu, nakuandikia kama sisi mafundi tunavyofanya.

Kwanza ujue unga wake, maana unga wa mbao hausemi uongo. Ukidondoka mnene kama pumba, mkanda ni mzima na meno yanakula. Ukiwa mwembamba kama poda, unaingia puani na kuganda kwenye kope, meno yamekwisha, na hapo mtu huanza kusukuma kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu ndiye anayeumia. Ukiwa mweusi na unanuka, zima mara moja. Unga wa mbao mbichi unashikana kama udongo, hauzolewi kwa ufagio wa kawaida, unataka ule mgumu. Unga wa mbao kavu unaruka, inabidi kwanza unyunyize maji, lakini usinyunyize karibu na mota. Chini ya meza, pale kwenye gurudumu la chini, unajazana na kutengeneza kama mto wa kulalia. Usiuache hapo. Chomoa waya ukutani kwanza, ndipo ufungue mlango na kuuzoa. Kuzima tu hakutoshi, uchomoe.

Haya, sasa mashine yenyewe. Kabla ya kuwasha, vua bangili, funga kilemba kisiache ncha inayoning'inia, kunja mikono ya gauni. Glovu usivae hata kama mikono ni baridi, mkanda ukiidaka glovu unaondoka na kilichomo ndani. Waya ukiwa bado umechomolewa, zungusha gurudumu la juu kwa mkono taratibu na uangalie mkanda. Meno yatazame chini, kwenye meza. Mkanda ukae katikati ya gurudumu, usitangetange. Ukiusukuma ubavuni ukubali kidogo tu na kurudi. Ukilegea kama kamba ya nguo, kaza. Halafu funga milango yote miwili.

Kuna chuma kinachoshuka na kupanda mbele ya mkanda, huku tunakiita kinga. Hapo ndipo penye usalama wenyewe, wengi wanapuuza. Kila ubao mpya, kabla hujawasha, acha kidole kimoja juu ya ubao. Kimoja tu, kisizidi.

Ukiwasha, ngoja mpaka mlio uwe mmoja, usiobadilika. Sukuma ubao polepole, mashine ndiyo ikate, wewe uongoze tu. Mkono mmoja kulia na mwingine kushoto, pasiwe na mkono hata mmoja mbele ya njia ya mkanda. Mwisho wa ubao usisukume kwa mkono, tumia kijiti. Usicheke. Kwenye kona kali, kata kwanza mikato mifupi ya pembeni mpaka karibu na mstari, ili vipande vidogo vidondoke na mkanda upate nafasi ya kugeuka. Ukikwama katikati usiurudishe ubao nyuma mashine ikiwa inazunguka, utauvuta mkanda utoke. Zima, ngoja. Na ngoja kweli, Dada. Ukishazima mlio unaisha upesi lakini mkanda bado unakwenda kimya kimya. Usifute vipande mezani kwa mkono kabla hujayaona meno yamesimama, moja moja.

Gogo la mviringo usiliweke hivi hivi, litazunguka na kuvuta mkono. Lilaze kwenye kitanda chake cha ubao kwanza. Na ukisikia pa, mkanda umekatika. Rudi nyuma, zima, usifungue mlango mpaka kila kitu kitulie.

Ni hayo. Nasalimia wote.

Mdogo wako


2 Aprili 1989

Dada, shikamoo, na salamu kwa wote, leo sina nafasi ya kuwataja mmoja mmoja.

Nina haraka. Kule nilikokuandikia uache kidole kimoja juu ya ubao, usikiache. Yaani usikiweke. Narudia: hakuna kidole chako chochote kinachotakiwa kukaa juu ya ubao karibu na mkanda. Nilikuwa na maana ya kipimo. Kinga ishuke mpaka kati yake na ubao ibaki nafasi ya upana wa kidole. Kinga ndiyo inayokuwa juu. Kidole ni rula tu, unapima halafu unakitoa, na unapima mashine ikiwa imezimwa.

Nilikuwa nakula mchana na msaidizi wangu mmoja, tunamwita Tisa, kwa sababu ya vidole vyake. Cha kumi kilibanwa na mlango wa gari, hakihusiani na kazi. Nikamsimulia barua niliyokuandikia. Akaniuliza, "Hapo kwenye kinga uliandikaje?"

"Acha kidole kimoja juu ya ubao."

"Juu ya ubao?"

"Ndiyo."

"Juu hewani, au juu yake kabisa?"

Akacheka mpaka mkate ukamtoka. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza dada yako ni mtu wa kufuata maandishi? Nikamwambia hapana, ni mbishi toka utotoni. Dada, naomba uendelee kuwa mbishi.

Nimeulizia hapa posta kama barua inaweza kuzuiwa njiani. Yule wa dirishani akaniuliza nimetuma lini. Nilipomwambia, akasema labda nikimbie kwa miguu. Kuna simu ya zahanati yenu, nimeomba nambari kwa kila mtu, haipo.

Ukipata hii nijibu siku hiyo hiyo, hata neno moja.

Mdogo wako


5 Aprili 1989

Shemeji,

YAH: MKONO WA DADA YAKO

Nimeelekezwa na mhusika nikuandikie barua hii kwa niaba yake, kwa kuwa mkono wake wa kulia umefungwa bendeji na hauwezi kushika kalamu kwa muda wa wiki tatu kuanzia jana.

Barua yako ya tarehe 12 Machi ilipokelewa tarehe 3 mwezi huu na kusomwa mbele ya familia. Napenda kukuarifu kwamba maelekezo yako yamefuatwa neno kwa neno, na hususan lile la kidole.

Mhusika anasema usiwe na wasiwasi, na kwamba atatoa maelezo mwenyewe akipona. Ameniambia nisiongeze kitu, nami siongezi.

Mama hajambo. Magoti ni kama yalivyo.

Wako, shemeji yako


30 Aprili 1989

Dada,

Sijui kama unaweza kufungua bahasha hii mwenyewe. Shikamoo. Nimesoma barua ya shemeji mara nyingi kiasi kwamba sasa naijua kwa moyo pamoja na nukta zake. Sikujua mtu anaweza kuandika habari kama hiyo akamaliza kwa magoti ya Mama. Sijui ni kidole gani, kimeondoka mpaka wapi. Ameniachia nikisie.

Basi nakuambia yote, maana sasa hakuna cha kulinda.

Mimi sijawahi kuugusa ule msumeno. Nafagia. Nafagia miaka sita. Kazi yangu ni unga wa mbao kutoka chini ya mashine kwenda kwenye pipa, na kutoka kwenye pipa kwenda kwenye lori. Barua yangu ya kwanza toka huku niliandika kwamba nafanya kazi kwenye msumeno wa mkanda. Wala sikudanganya, hata nzi anafanya kazi kwenye bucha. Nyinyi mkanijibu hongera fundi. Nikasema nitasahihisha barua ijayo. Barua iliyofuata Mama alikuwa ameshaniita fundi mkuu, na mimi nilikuwa nimetoka kuoga kwa maji ya baridi, kifua kimejaa poda ya mbao, nikaona acha, angalau mtu mmoja katika familia awe amefanikiwa, hata kama ni mimi wa kwenye barua.

Ulipoandika kwamba unangoja mimi, nilikaa na barua siku mbili. Nikaanza kufagia kuzunguka ile mashine peke yake. Siku ya tatu Tisa akaniuliza, "Unatafuta nini hapo chini, umeangusha jino?" Tisa si msaidizi wangu. Tisa ndiye fundi, mimi ndiye wa ufagio. Nikamweleza ukweli. Hakunicheka. Wiki nzima alinifundisha wakati wa chakula, kipande cha mkate kikawa ubao, uma ukawa mkanda, mpini wa kijiko ukawa kinga. Aliweka kidole chake kati ya kijiko na mkate, akasema, hiki hapa, kimoja, kisizidi. Nikaelewa vizuri kabisa. Nilipokuja kuandika, mkate haukuwepo.

Yale ya unga peke yake ndiyo yangu. Mengine yote ni ya mkate.

Na hicho kidole chake hakikubanwa na mlango wa gari. Nilikuandikia hivyo usiogope mashine.

Tisa ameniambia mtu anaweza kufanya kazi akiwa na tisa. Kwake yeye hiyo ni faraja. Nimemwomba nyapara ruhusa ya kuja nyumbani, kasema mpaka mwisho wa mwaka. Kama viti vya zahanati vimeshindikana, waambie kosa ni la mtu aliye mbali, watukane jina langu. Mama mwambie wewe mwenyewe, taratibu, ukiona siku nzuri. Shemeji asimwambie.

Mdogo wako, mfagiaji


28 Mei 1989

Mdogo wangu Kijiti,

Hesabu: dole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Huo ni mkono wa kulia. Wa kushoto uko hivyo hivyo. Kumi. Naandika mwenyewe, tazama mwandiko.

Barua zako zote mbili zimefika wiki moja, ile ya haraka ikiwa ya pili. Ndiyo maana nachelewa kukujibu, nilikuwa na mengi ya kucheka na machache ya kulia, nikataka yaishe kwanza.

Mashine haikunigusa. Ni nyundo. Nyundo ya Baba, niliyoishika kwa mkono wa kushoto miaka ishirini na mitano bila kosa. Siku iliyofuata baada ya kusomwa barua yako nilikuwa naunga miguu ya kiti cha mfano. Shemeji yako alipitia karakana kabla ya ofisi, barua mkononi, akasema kabla mashine haijawashwa lazima tufanye zoezi la maelekezo. Akaweka ubao juu ya meza ya mashine. Halafu akaweka kidole chake cha shahada katikati ya ubao, kimoja tu, mkono mwingine nyuma ya mgongo, amevaa tai, akasimama wima kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango wa mkubwa. Nikamuuliza, "Wewe, hapo unafanya nini?"

Akasema, "Imeandikwa."

"Na ubao utausukuma na nini?"

Akaisoma tena barua kwa muda mrefu. Akasema, "Hilo halijaelezwa."

Nikacheka nikiwa katikati ya pigo. Dole gumba lilivimba kama kiazi. Yeye alikuwa ameniuliza aandike nini, nikamwambia aandike asiongeze kitu, maana nilitaka nikusimulie mwenyewe. Kosa langu. Nilisahau namwambia nani.

Ile ya kinga niliielewa siku ile ile, kabla dole halijavimba. Nilikuwa nampandishia shemeji yako kile chuma ili atoe mkono, naye hakuutoa, nikakishusha, kikasimama juu ya kidole chake kikitoshea kabisa. Nikasema ahaa, ni kipimo. Mimi nakata mbao toka wewe unalowanisha mkeka. Ulidhani nitaweka kidole mbele ya meno kwa sababu karatasi imesema?

Kuhusu kufagia, nilijua. Nilijua toka ule ukurasa wa unga. Mtu anayekata hatazami unga, anatazama mstari. Wewe ulinieleza unga wa mbao mbichi unataka ufagio gani, nikasema moyoni, huyu wetu kazi yake iko chini ya meza. Sikutaka kuandika. Na sikiliza, katika yote uliyoniandikia, hilo la unga ndilo lililonifaa kuliko mengine. Mkanda wa ile shule ulikuwa umekwisha. Unga wake ulikuwa poda tupu. Ningekuwa sijui, ningesukuma. Nikazima, nikatafuta mkanda mpya, na mpya ulipoanza kutoa pumba nikajua sasa tuko salama. Viti thelathini na moja vimekwisha. Mgongo wa kiti ni kazi ya chai moja. Kijiti cha kusukumia nimekiita jina lako, ni chembamba na kinatangulia kwenye hatari badala yangu. Mpaka sasa kimeng'atwa mara mbili.

Sasa lile ulilokataza. Ile barua ya kukiri ilifika niko zahanati kupima nafasi za viti. Mama hawezi kungoja barua yako hata nusu saa, unamjua. Shemeji akaifungua. Alisoma yote. Alisoma "nafagia nukta nafagia miaka sita nukta." Alipofika "shemeji asimwambie," akalisoma na hilo.

Mama akauliza, "Kwa hiyo hakati kitu?"

Shemeji akasema, "Kwa mujibu wa barua, hapana."

"Vidole vyake vyote anavyo?"

"Havijatajwa kupungua."

Mama akainuka akaenda jikoni. Nilipofika nilimkuta anakunywa chai, inatoa moshi. Ndipo nikajua jambo ambalo miaka sita hatukulijua. Kila asubuhi chai yake ilikuwa inapoa mbele yake, sisi tukidhani ni uzee. Kumbe alikuwa anakuombea kidole kimoja kimoja, akihesabu kwa vidole vyake, kumi, na akikosea anaanza upya. Sasa ameacha. Anasema ufagio haujawahi kumkata mtu. Majirani anawaambia mwanawe amepandishwa cheo, hawa hawajamwelewa, nami sijawafafanulia.

Nakutumia karatasi ya pili, nimechora kinga, ubao, na kidole katikati, chenye kucha, ili ijulikane ni cha kupimia tu. Mpe na Tisa shukrani zangu. Na siku ukishika ubao mwenyewe, kumbuka alichokuwa anakuambia Baba: mstari uache ubaki kwako, usiule.

Dada yako


16 Julai 1989

Dada, shikamoo.

Natumaini viti arobaini vimekaliwa. Nimesoma barua yako kitandani juu, nikacheka mpaka wa chini akapiga ubao kwa mguu. Msalimie shemeji, mwambie sina kinyongo, aliyeandika ni mimi.

Huku mambo ni yale yale isipokuwa moja. Macho ya Tisa yameanza kumwonyesha mistari miwili, na fundi wa msumeno anayeona mistari miwili akaona ni bora aondoke na vidole vyake tisa. Siku ya mwisho alimwambia nyapara kuna mtu anayejua. Nyapara akaja pale nilipokuwa.

"Wewe wa ufagio. Tisa anasema mashine unaijua."

Nikasema nimesoma barua.

"Barua ya chuo gani?"

"Ya dada."

Alinitazama kama anayetafuta pa kucheka, hakupaona, akanipa ubao wenye mstari wa kupinda. Nilichomoa waya, nikazungusha gurudumu kwa mkono, nikafunga milango. Nikatoa karatasi yako mfukoni, nikaibandika kwenye nguzo ya mashine, nikashusha kinga mpaka ikaacha nafasi ya kidole chako cha kucha. Nikachomeka waya, nikawasha, nikangoja mlio uwe mmoja.

Mkato wa kwanza nikauingiza upande mbaya wa mstari. Nyapara akashika kile kipande, akauliza, "Mstari umeuacha wapi?" Nilikuwa na jibu, lile la zamani. Nikamkumbuka Baba, nikalimeza. Nikasema, "Nimeula." Akanipa ubao wa pili. Wa pili mstari ulibaki.

Toka Jumatatu mashine ni yangu. Vidole ni kumi mpaka leo saa nane mchana.

Sasa nina ombi, na barua hii usimpe shemeji aifungue. Isome mwenyewe, halafu itie kwenye unga wa mbao. Mama mwambie bado nafagia. Wala si uongo, mfagiaji mpya hawajampata, kwa hiyo nikishakata nazima, nangoja meno yasimame, nachukua ufagio na kuuzoa unga wangu mwenyewe. Mwambie hivyo tu, kwamba jana nilifagia na leo nimefagia. Asije akaanza tena kuhesabu, chai ikapoa.

Mdogo wako, Kijiti